Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 17: Ukiugua Safarini



Wapo wenzetu wa msikitini walioko Makka kwa ajili ya Umra, na wengine wanafunga mizigo kuwahi kumi la mwisho. Maneno ya leo ni yao, na ni yetu pia tunaobaki.

Hebu jiweke katika hali hii. Ni siku yako ya tatu Makka. Una sukari ya miaka mingi. Jana ulifanya sa'yi, karibu kilomita tatu kwa miguu. Usingizi umekuwa mchache, na daku ulikunywa chai tu. Baada ya Adhuhuri mikono inaanza kutetemeka, jasho jembamba linakutoka, kichwa kinazunguka. Unajua kabisa kuwa sukari imeshuka, lakini unanyamaza. Unaona haya kufungua mbele ya wenzako chumbani. Na mmoja wao anakuambia, "Jikaze mzee, Magharibi si mbali. Nani anakuja Makka kula mchana?"

Anakutakia kheri. Lakini maneno kama hayo yameshawahi kuua.

Katika Sunan ya Abu Daud imo hadithi ya Jabir (R.A.). Walikuwa safarini, mwenzao mmoja akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Kisha ikamlazimu josho la janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu hawaoni ruhusa, maadamu maji yapo. Maskini akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika sana, akasema wao ndio waliomuua. Mbona hawakuuliza walipokuwa hawajui? Dawa ya kutojua ni kuuliza.

Ndugu yangu, wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na bidii ya dini bila elimu, na aliyelipa ni mgonjwa.

Sasa angalia Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185. Pale pale Allah anapofaradhisha funga, anawataja watu wawili pamoja: mgonjwa na msafiri. Wafungue, walipe siku nyingine. Wewe uliyeugua ugenini umekusanya nyudhuru zote mbili! Nani basi akuonee aibu kwa alichokuruhusu Mola wako? Na wanazuoni wanasema, funga ikiwa itakuangamiza, kufungua kunakuwa wajibu.

Usihofu kuwa thawabu zimekupita. Katika Sahihi Bukhari, Abu Musa (R.A.) amepokea kuwa mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima na yuko kwake. Na Mama Ummu Salama (R.A.) alipomwambia Mtume kuwa anaumwa, hakuambiwa ajikaze. Aliambiwa atufu nyuma ya watu akiwa juu ya mnyama. Leo kuna kiti cha magurudumu. Kikalie bila kuona haya.

*Ya kufanya:*

Wewe unayesafiri, muone daktari wako kabla ya kuondoka, umuulize kuhusu funga na dozi zako. Dawa na insulini zikae kwenye begi la mkononi, katika maboksi yake, pamoja na barua ya daktari. Mwambie kiongozi wa kundi ugonjwa wako, na mfukoni zisikose tende. Viza ya Umra huja na bima ya afya, kwa hiyo usijifiche chumbani kwa kuogopa gharama. Gari la wagonjwa kule Saudia ni namba 997. Lugha ikikushinda, mwonyeshe daktari boksi la dawa.

Wewe mwenza wa chumbani, ukiona mwenzako anatetemeka au anaongea ovyo, usimpe fatwa. Akiweza kumeza, mpe kitu kitamu hapo hapo. Akishindwa kumeza, usimlazimishe, ita msaada.

Na sisi tuliobaki, tupige simu leo kwa mzee wetu aliyesafiri. Tusimuulize tu, "Umetuombea?" Tumuulize, "Dawa umekunywa? Umekula nini daku?"

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, walioko nyumbani na walioko ugenini. Wape wenza wenye huruma na elimu, na uwarudishe kwao salama. Aamin.

Mtumie ujumbe huu yeyote unayemjua yuko safarini. Tukutane kesho in shaa Allah.