Injini Ndani ya Pipa

Juzi mpwa wangu aliifunga mashine ya boti kwenye pipa la maji, uani kwetu hapa Chuno, akavuta kamba. Ikawaka mara ya pili, na maji ya kupoza yakatoka kwa nguvu. (Ikiwashwa pakavu, mpira wa pampu huungua upesi, ndiyo sababu ya pipa.)

"Nzima, mjomba. Hebu waambie wenzangu, wewe wanakuamini."

Nikasita. Pangaboi lilizunguka, lakini halikusukuma kitu. Hapakuwa na boti, wala watu wanne, wala kusi.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilimpitisha kijana aliyefundisha vizuri mbele ya wenzake waliojifanya watoto. Kazini alikuta watoto tisini. Mwaka haukuisha, akaacha. Sikusema uongo. Lakini waliosikia "amefaulu" hawakusikia "pipani". Basi mzigo wa tofauti hiyo ni wa msemaji au wa msikilizaji? Miaka mingi nilijifariji kwamba ni wa msikilizaji.

Niliwaambia vijana: nimeiona pipani tu. Mpwa wangu akanuna. Kesho yake walijaribu kwanza kuvuka hadi Msangamkuu, makasia wamepakia, nami nikakaa ufukweni mpaka nilipowaona wakirudi.