AMEANGUKA! TUULIZE KWANZA KOSA NI LA NANI?

Rafiki kijana, Bwana Yesu asifiwe! Kama hujazoea kuitikia salamu hii, usijali. Karatasi hii haikuandikwa kwa ajili ya watu wa kanisani. Imeandikwa kwa ajili yako wewe uliyekuwa unapita tu, ukasikia muziki uwanjani, ukasimama pembeni mikono mfukoni. Usiitupe. Isome mpaka mwisho, haina kiingilio.

Kuna maneno mawili yanasemwa sana vijiweni. La kwanza ni hili: "Wokovu haujazi tumbo. Ninyi walokole mnatuhubiria habari za mbinguni, na njaa yetu iko hapa hapa duniani." La pili ni hili: "Yule teja wa stendi mwacheni, kajitakia mwenyewe." Je, kuna ukweli ndani yake? Fuatana nami.

KWANZA NAJISHTAKI MWENYEWE

Miaka kadhaa iliyopita tulifanya mkutano wa Injili wa siku saba kwenye uwanja wa shule ya msingi. Siku ya tatu nilihubiri habari za mwana mpotevu, Luka sura ya 15. Nilihubiri mpaka shati likalowa. Nilipowaita watu mbele, alikuja kijana mmoja, mpiga debe wa stendi. Mguuni alikuwa na ndala za rangi mbili, moja nyeupe, moja ya bluu. Alilia sana. Tukamwongoza sala ya toba, jina lake likaandikwa kwenye daftari, akina mama wakapiga vigelegele.

Watu walipotawanyika, sisi tunakunja nyaya za spika, nikamwona bado amesimama. Nikamwuliza, "Kijana, mbona huendi?" Akanijibu, "Mtumishi, mimi nimeokoka. Lakini kule ninakolala ndiko kwenye gongo na bangi. Sasa leo nikalale wapi?"

Jamani! Unajua nilimjibu nini? Nilimshika bega nikamwambia aende kwa amani, Bwana atafanya njia. Kisha nikapanda gari, nikaenda kwa mwenyeji wetu kula wali na kuku. Nikashiba, nikalala. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba nililala.

Siku ya nne hakuja. Ya tano hakuja. Tulipokuwa tunaondoka nilimwona stendi, amelewa, akanipungia mkono. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu.

Baadaye nikasoma Yakobo 2:15-16. Yakobo anamweleza mtu anayemwambia mwenye njaa na asiye na nguo aende tu salama, na huku mkononi hampi kitu. Anauliza, maneno hayo yanamfaa nini? Nikajiona pale kama kwenye kioo. Nikarudi tena kwa yule mwana mpotevu niliyemhubiri kwa sauti kubwa. Aliporudi, baba yake alimfanyia nini? Alimkumbatia, ndiyo. Lakini pia alimletea nguo, na viatu, na chakula. Msamaha wa yule baba ulikuwa na viatu ndani yake. Mimi nilihubiri msamaha, viatu nikavisahau.

FARASI WA LONDON

Sasa sikiliza habari za mtu aliyeelewa jambo hili kabla yangu. Mimi ni Mpentekoste, yeye hakuwa wa dhehebu langu, lakini kweli ni kweli.

Mwaka 1865 mhubiri mmoja Mwingereza, William Booth, alianza kuhubiri katika mitaa ya mashariki ya London, pale Whitechapel, pamoja na mkewe Catherine. Ilikuwa mitaa ya ulevi, njaa na watu waliokata tamaa. Booth mwenyewe hakuwa mgeni wa shida. Alipokuwa na miaka 13 tu alianza kufanya kazi kwa mtu anayepokea vitu vya rehani, pale watu walioishiwa wanapoleta mali zao ili wapate hela ya kula. Mwaka 1878 kazi yake ikapewa jina la Jeshi la Wokovu. Ndilo hilo hilo lililofika Kenya mwaka 1921 na kwetu Tanganyika mwaka 1933.

Booth aliona kwamba kumhubiria mtu ambaye hajala, anayetetemeka kwa baridi, ni kazi ngumu. Masikio yapo, lakini tumbo linapiga kelele kuliko mhubiri. Mwaka 1890 akatoa kitabu juu ya maskini wa nchi yake, na ndani yake akaweka mfano wa farasi. Siku zile teksi za London zilikokotwa na farasi. Farasi wa teksi akianguka barabarani, hakuna anayeitisha kikao kuuliza kama aliteleza, au alikuwa mzembe, au mvivu. Watu wanamwinua kwanza. Na kila farasi wa teksi alikuwa na vitu vitatu: mahali pa kulala, chakula, na kazi ya kumpatia chakula hicho. Booth akasema kwamba katika Uingereza, nchi tajiri vile, watu kama milioni tatu, yaani mtu mmoja katika kila kumi, hawakuwa hata na haki za farasi.

Wala hakuishia kwenye maneno. Mwaka 1888 Jeshi la Wokovu lilifungua nyumba ya kulala watu wasio na makao, pale Limehouse. Mwaka 1890 likafungua ofisi ya kuwatafutia watu kazi. Mwaka 1891 likaanzisha shamba kubwa Hadleigh, ili watu waliokwama mjini wajifunze kulima na kusimama tena. Mwaka huo huo likafungua kiwanda cha viberiti. Kwa nini viberiti? Kwa sababu wafanyakazi wa viwanda vingine walikuwa wanaugua taya, mfupa unaoza mdomoni, kwa ajili ya sumu ya fosforasi nyeupe. Kiwanda cha Booth kilitumia fosforasi nyekundu isiyo na madhara hayo, na mshahara wake ulikuwa juu zaidi. Kiwanda kilifungwa mwaka 1901, maana viberiti vyake vilikuwa ghali. Lakini kilionyesha watu kwamba viberiti vinaweza kutengenezwa bila kuoza taya ya dada wa mtu. Mwaka 1910 sheria ya kuikataza ile fosforasi nyeupe ikaanza kufanya kazi Uingereza.

MANENO MATATU YA WATU

Watu wengine, wakiwamo wasomi, walimpinga Booth magazetini. Maneno ya namna hiyo nayasikia hata leo. Tuyapime.

La kwanza: "Kajitakia mwenyewe." Pengine ni kweli. Lakini soma Yohana 9. Wanafunzi walimwona kipofu, wakauliza aliyetenda dhambi ni nani, yeye au wazazi wake? Yesu hakuwapa mtu wa kulaumu. Alitengeneza tope, akampaka yule mtu macho, akamtuma akanawe. Na yule Msamaria wa Luka 10 hakumwuliza majeruhi kwa nini alipita njia ile mbaya. Sisemi swali la kosa halina maana. Lina wakati wake. Zakayo ilibidi arudishe alichodhulumu. Lakini mtu aliye ndani ya shimo humfundishi kutembea, unamtoa kwanza. Na tuseme ukweli, kama mimi na wewe tungepewa tu kile tunachostahili, nani angebaki amesimama?

La pili: "Ukimsaidia utamlemaza." Hapa kuna ukweli, tena ukweli mzito. Kuna mtu anampa mwenzake shilingi mia mbili ili aondoke mbele ya macho yake. Huyo hajamsaidia, amejisaidia mwenyewe. Ndiyo maana Booth hakuishia kwenye supu, alitafuta kazi. Watu hupenda kumtaja Paulo, 2 Wathesalonike 3:10, juu ya mtu asiyefanya kazi. Wasome vizuri. Paulo anamsema asiyetaka kufanya kazi. Hakumsema aliyeitafuta akaikosa.

La tatu linaniuma zaidi: "Ninyi mnanunua watu kwa chakula." Ndugu yangu, wako wanaofanya hivyo, na ni aibu. Lakini tazama Luka 17. Yesu aliponya wenye ukoma kumi, akarudi mmoja tu kushukuru. Je, aliwarudishia wale tisa ukoma wao? La! Mkate wenye ndoana ndani yake si sadaka, huo ni uvuvi. Kwa hiyo nakuambia mbele ya Mungu: mtu wa kanisa akikupa uji, kunywa. Ukiondoka bila kuokoka, huna deni lolote.

BASI MKATE UNATOSHA?

Hapo utaniuliza, "Kama ni hivyo, si serikali na mashirika wanatosha? Yesu wa nini?" Swali zuri. Nikujibu kwa habari za mwizi mmoja.

Jerry McAuley alizaliwa Ireland, akakulia New York katika wizi na ulevi. Akiwa na miaka 19 alifungwa gereza la Sing Sing, kifungo cha miaka 15. Humo akaisikia Injili, akaomba, akabadilika. Mwaka 1864 akasamehewa, akatoka. Unadhani mambo yakawa mazuri? Hapana. Alikuta mji ule ule na ulevi ule ule, akaanguka. Akainuliwa, akaanguka tena. Lakini walikuwepo watu wasiochoka kumfuata. Mwaka 1872 yeye na mkewe Maria wakafungua nyumba katika mtaa wa Water Street, karibu na bandari, kwa ajili ya watu kama wao. Wenye njaa walikula, na kila jioni waliosimama wakashuhudia jinsi walivyoanguka. Mwaka 1882 aliokoka mlevi mwingine aitwaye Samuel Hadley, na baadaye yeye ndiye akaja kuiongoza nyumba ile. Mlevi alimpokea mlevi.

Umeona? Mkate unamfikisha mtu kesho. Lakini mtu anayejiona takataka, kesho yake ataifanyia nini? Ukimpa blanketi ataliuza. Anahitaji mtu wa kumwambia kwamba yeye ni mtu, na nguvu ya kuanza upya asiyoweza kujipa mwenyewe. Nguvu hiyo mimi sikuipata kwingine ila kwa Yesu. Injili bila mkate niliihubiri mimi, ikamrudisha kijana kwenye gongo. Na mkate bila Injili unamlisha mtu na kumwacha peke yake na moyo wake.

WEWE JE?

Kama uko chini, njoo kama ulivyo. Kama ni unga umekushika, ujue kwamba tangu mwaka 2011 nchi yetu ina tiba ya methadone, ilianzia Muhimbili. Kwenda kliniki si kukosa imani. Tutakuombea na tutakusindikiza. Na kama wewe hujaanguka, yuko mtu unayemruka kila asubuhi ukienda kazini. Leo usiulize kosa ni la nani. Muulize jina lake.

Siku hizi, kabla sijapanda jukwaani, nawauliza wenyeji wetu maswali matatu. Nani ana kitanda? Nani ni fundi anayeweza kupokea mwanafunzi? Nani atakwenda stendi Jumatatu, sisi tukishaondoka? Wasipokuwa na jibu, mkutano haujawa tayari.

Ukitaka kumpokea Yesu, sema naye kwa maneno yako, au hivi: "Bwana Yesu, nimeanguka, na mengine ni makosa yangu. Nisamehe. Niinue. Nipe moyo mpya, na watu wa kutembea nami. Amina."

Ukishasali usiondoke. Njoo kwenye meza iliyo kando ya jukwaa, uliza utalala wapi. Safari hii tuna jibu.

Na ukikutana na kijana mwenye ndala za rangi mbili, mwambie yule mhubiri bado anamtafuta.