Mtoto mwenye usonji naye ana fungu katika mali ya umma

SIFA zote njema ni za Allah (SW), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyemuumba kila mja kwa namna aliyoitaka Yeye. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba wake.

Ndugu zangu Waislamu, leo nataka tuzungumze juu ya amana ambayo wengi tunaificha nyuma ya pazia. Nazungumzia watoto wenye usonji.

Usonji si adhabu, si uchawi, wala si matokeo ya mama kutojua kulea. Ni hali ya ubongo wa mtoto kukua kwa njia tofauti tangu mapema. Mtoto wa mwaka mmoja haitiki akiitwa jina lake. Wa mwaka na nusu hanyooshi kidole kuonyesha anachokitaka. Wa miaka miwili haunganishi maneno mawili, au alishaanza kusema kisha ulimi ukanyamaza. Dalili moja peke yake si hukumu, lakini zikikutana inafaa mtoto apimwe. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Basi kila mmoja wetu auhesabu mtaa wake, kisha ajiulize watoto hao wako wapi.

Swali la baba mmoja wa Moa

Nilikuwa Moa, wilayani Mkinga, karibu na mpaka wa Kenya. Baada ya sala ya Alasiri baba mmoja alinivuta pembeni akaniuliza: "Ustadhi, hivi mwanangu ana jini au ana maradhi?" Mtoto ana miaka minne, hasemi, hamtazami mtu usoni, na ikipigwa kelele huziba masikio na kulia. Baba amekwisha kuuza mbuzi wawili. Mganga mmoja alitaka kuku mwekundu, mwingine akafunga hirizi. Mtoto yuko vile vile, ila sasa ni mkubwa kwa miaka miwili zaidi.

Nilimjibu hivi: "Ndugu yangu, sisi tunaamini kuwa majini wapo, na kumsomea mtoto Qur'ani ni jambo la kheri. Lakini si kila ukimya ni jini. Kuku wa mganga ni mlango wa shirki, na Mtume (SAW) ametuamrisha tutafute tiba. Mpeleke mtoto hospitali."

Akaniuliza tena: "Hospitali gani, Ustadhi?"

Hapo ndipo penye uzito. Kutoka Moa mzazi atoke kwanza hadi barabara kuu ya Horohoro, apande gari la Tanga mjini, afike hospitali ya rufaa ya Bombo. Akiambiwa arudi kila wiki, nauli ataitoa wapi? Mama wa pwani ile analima mwani, na kazi ya mwani ni wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana. Siku ya miadi ikiangukia bamvua, achague kati ya mtoto na riziki. Kumwambia mtu huyo "mpeleke hospitali" kisha ukaenda zako si nasaha kamili.

Kilio cha mtoto wakati wa Umar (RA)

Ibn Saad amesimulia habari ambayo kila mwenye madaraka angefaa kuisikia. Usiku mmoja Khalifa Umar bin Khattab (RA) alikuwa akilinda msafara uliofika Madina, pamoja na Abdurrahman bin Auf (RA). Akasikia mtoto mchanga analia. Akamwendea mama yake, akamsihi amtulize. Mtoto akalia tena, akaenda tena. Mara ya tatu akamlaumu yule mama. Mama, bila kujua anazungumza na nani, akaeleza kuwa anamwachisha mtoto ziwa kwa nguvu, kwa sababu Umar haandikii posho ya Baitul-mali isipokuwa mtoto aliyeachishwa ziwa.

Alfajiri Umar aliwasalisha watu, na kwa kulia kwake kisomo hakikusikika vizuri. Kisha akaamuru itangazwe: msiwaharakishe watoto kuachishwa ziwa, kila mtoto wa Kiislamu ataandikiwa posho tangu kuzaliwa. Amri hiyo ikapelekwa na kwenye miji mingine.

Hebu tuzingatie. Umar hakuwa dhalimu, na posho ilikuwepo. Kosa lilikuwa katika umri: fedha ya umma ilimngoja mtoto mahali ambapo madhara yalikwishampata. Na Umar alipolijua hakusema bajeti imekwisha kupita. Aliurudisha mlango wa haki nyuma, hadi siku ya kuzaliwa.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mtoto mwenye usonji leo. Fedha nyingi ya umma inamngoja shuleni. Ipo mifano ya shule za serikali zenye kitengo cha watoto hawa, kama Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam. Lakini wataalamu wanasema miaka ya mwanzo, kabla ya shule, ndiyo ubongo unapopokea mafunzo kwa wepesi zaidi. Mtoto akianza mapema kufundishwa kuwasiliana, kwa maneno, kwa ishara au kwa picha, anapata njia ya kusema kuwa ana njaa, anaumwa, anaogopa. Usonji hauondoki, lakini maisha yake yanakuwa mepesi zaidi. Miaka hiyo ikipita haiagizwi tena.

Sheria ipo, fungu liko wapi?

Tanzania si nchi isiyo na sheria. Ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Desemba 2021 ilizinduliwa Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya miaka 2021/22 hadi 2025/26. Maneno ni mazuri. Swali ni: katika bajeti ya halmashauri, mtoto wa Moa ameandikiwa nini?

Na wala hatuombi majumba. Mama wa pwani tayari anampeleka mtoto kliniki, kadi mkononi. Mtoto anapimwa uzito na kuchanjwa. Basi muuguzi afundishwe kuuliza maswali machache: anaitika akiitwa? Ananyoosha kidole? Anasema? Mwenye dalili aandikwe. Mtaalamu wa mkoa afike pwani ya Mkinga siku moja kila mwezi, akikubaliana na akina mama siku isiyo ya bamvua. Awafundishe wazazi namna ya kukaa chini uso kwa uso na mtoto, kumtajia vitu, na kumpa muda wa kujibu. Nauli ya mtaalamu mmoja ni ndogo kuliko nauli za akina mama ishirini.

Wenzetu wamekwishaonyesha njia. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1986 ya kuwahudumia watoto wenye matatizo ya ukuaji tangu kuzaliwa hadi miaka 3. Na Canada kuna funzo la upande wa pili. Wazazi wa jimbo la British Columbia waliishitaki serikali ili igharamie mafunzo ya mapema kwa watoto wao wenye usonji. Walishinda mahakama za chini, lakini Novemba 2004 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile ikawakatalia, ikiona kuwa ni juu ya chombo cha kutunga sheria kuamua huduma gani igharamiwe. Maana yake, haki kama hii hupiganiwa pale fedha inapogawanywa.

Na kwetu inaanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, inapita kamati ya maendeleo ya kata, inafika kwa madiwani. Je, Waislamu wa Moa na miji yote ya pwani tunahudhuria? Au tunahudhuria maulidi na harusi tu, kisha tunalalamika kuwa tumesahauliwa?

Wajibu wetu wenyewe

Tusiitupie serikali mzigo wote. Huko Lushoto, ndani ya mkoa wetu wa Tanga, shule ya Irente Rainbow ya Kanisa la Kilutheri imekuwa ikipokea watoto wenye ulemavu wa akili tangu katikati ya miaka ya 2000. Sisi tuna misikiti, madrasa, zaka na wakfu. Madrasa ngapi zina mwalimu anayejua kumpokea mtoto asiyesema? Mtume (SAW) alisali huku amembeba mjukuu wake Umama, na akisikia mtoto analia alifupisha sala kwa kumhurumia mama. Sisi mtoto akipiga kelele safu ya nyuma tunamkodolea macho baba yake, Ijumaa inayofuata hamleti tena.

Na tukumbuke Surat Abasa, namna Allah (SW) alivyomuonya Mtume wake kwa ajili ya kipofu mmoja, Abdullah bin Ummi Maktum (RA), aliyekuja kutafuta elimu wakati wakubwa wa Makureshi wamekaa. Basi diwani, sheikh na mwenyekiti wa kijiji wajiulize wanamgeuzia nani uso.

Yule baba wa Moa bado ana haki ya kupata jibu la swali lake. Viongozi wa msikiti wake waandike idadi ya watoto walio katika hali hiyo, waipeleke kwenye mkutano wa kijiji, na waidai iingie kwenye muhtasari. Umar (RA) alisikia kilio cha mtoto. Mtoto wa Moa hasemi, basi ni juu yetu kusema kwa niaba yake.

Ewe Mola wetu, wape subira wazazi hawa, zilainishe nyoyo za wenye madaraka, na usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaokhini amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.