Kudesa, Hakimiliki na Ushahidi wa Uongo

Wanafunzi huita kudesa kitendo cha kuchukua maandishi ya mwingine na kumkabidhi mwalimu kana kwamba ni yako. Intaneti imerahisisha kitendo hicho bila kubadili swali lake la kimaadili. Ubaya uko wapi, ikiwa mwenye maandishi hakupungukiwa na kitu? Aibiwaye mbuzi hubaki na zizi tupu. Ukurasa ulionakiliwa hubaki pale pale.

Sheria hujibu kwa lugha ya mali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 huilinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, ila inaruhusu kunukuu kwa kiasi na kutumia sehemu ya kazi kufundishia, mradi chanzo na mwandishi watajwe. Jibu hilo halitoshi. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na ulinzi wa kitabu chake Kusadikika, kilichochapishwa 1951, umekwisha. Mwanafunzi akiinakili sura yake na kuiandikia jina lake, hakuna mrithi aliyedhulumiwa, lakini mwalimu amedanganywa. Anayetoa kopi ya kitabu kizima cha mwandishi aliye hai kwenye steshenari, jina likisomeka jaladani, hakumdanganya yeyote, na bado amevunja sheria. Makosa haya mawili huchanganywa mno darasani.

Kudesa ni kosa la ushahidi. Tuseme insha inahusu kilimo cha alizeti Sepuka, wilayani Ikungi, mkoani Singida. Aliyenakili ukurasa wa Marekani ataandika kwamba mbegu hupandwa Mei, ilhali mvua za Singida huanza Novemba au Desemba, na ifikapo Mei watu wanavuna au wanajiandaa kuvuna. Aliyoyaona shambani kwao ameyaacha, akashuhudia asiyoyaona. Uislamu na Ukristo, dini zinazofuatwa na wengi mkoani, zote hukataza ushahidi wa uongo. Wanazuoni wa hadithi walikaza zaidi: Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alizitanguliza hadithi kwa isnadi, yaani majina ya wapokezi mmoja baada ya mwingine, ili msomaji aweze kumpima kila aliyeipokea.

Ngano za Kinyaturu za mkoani humo ni ngumu zaidi kuzitajia chanzo, kwa kuwa mtunzi hajulikani, ingawa sheria hiyo ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za mapokeo. Mwanafunzi anayeiandika ngano hutaja msimulizi, kijiji na mwaka aliosimuliwa. Msimulizi huyo hakuitunga, lakini ndiye aliyeifikisha.