Mshirika Akiondoka

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo na kusaidia kupatikana kwa ushahidi wa mapema kwamba mashimo meusi yapo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kenya ilichangia mahali. Kwenye ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekezwa mashariki huupata msukumo huo bila gharama. Ni mali kubwa, ila haigeuki kuwa maarifa kwa kukaa tu. Urushaji wa mwisho wa setilaiti jukwaani hapo ulifanyika 1988. Setilaiti ya kwanza ya Kenya yenyewe, ile ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilikuja 2018. Miaka thelathini hiyo inaniuma kuliko suala la nani alifaidi data za Uhuru. Wageni siwalaumu. Walikuja na swali lao, wakaondoka na jibu lao. Sisi hatukuwa na swali letu.

Ndiyo maana nadhani kujitegemea katika ubunifu tunakuelewa vibaya. Wapo wanaodai taifa lijitengenezee kila kitu, jambo ambalo hata mataifa makubwa yameshindwa. Wapo pia wanaosema sayansi haina mipaka, basi tushirikiane tu, mengine yatajipa. Hao wa pili wakumbuke yaliyoikuta Ulaya. Gari lake la utafiti, Rosalind Franklin, lilikuwa liende Mirihi Septemba 2022. Roketi ilikuwa ya Urusi, na mtambo wa kulitua kwenye sayari hiyo ulikuwa wa Urusi pia. Februari mwaka huo Urusi ikaivamia Ukraine, Machi Ulaya ikasitisha ubia, na safari ikasogezwa hadi 2028. Hata hivyo Ulaya ilikuwa na wahandisi wanaoweza kubuni mtambo mwingine wa kutua, na ikawa na Marekani ya kuiomba roketi. Imecheleweshwa, haikukwama. Kinachotisha ni kumpoteza mshirika na kutojua hata uanzie wapi.

Azimio la Arusha la Tanzania lilitangazwa Februari 1967, chini ya miezi mitatu kabla ya roketi ya kwanza kupeleka setilaiti angani kutoka San Marco. Halikukataa misaada, lilikataa kuifanya msingi wa maendeleo. Nikilipeleka wazo hilo kwenye maarifa, naona kwamba uhuru wa taifa upo katika uwezo wa kukataa bila kuporomoka, na uwezo huo hutokana na kukielewa kile unachopewa. Asiyeelewa hawezi kupatana bei. Hajui kipi ni adimu, kipi kinapatikana kwa jirani, kipi kimefichwa ndani ya kifungu cha mkataba. Na uelewa wa namna hiyo hauji pamoja na mashine kwenye kontena. Hukaa ndani ya watu, hasa fundi aliyeshindwa na kifaa hichohicho mara kadhaa na bado akaachwa aendelee nacho.

Leo mialiko ni mingi. Rwanda na Nigeria zilitia saini Makubaliano ya Artemis ya Marekani kuhusu uchunguzi wa anga mwaka 2022. China na Urusi nazo zinakusanya washirika wa kituo chao cha Mwezini. Tunaulizwa tuko upande gani. Swali hilo lina uzito, lakini limetangulizwa mno. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, baadhi ya tafiti za tiba barani Afrika zilisimama ghafla, na kuwa upande wake hakukuziokoa. Kabla ya kuchagua rafiki, nauliza: saini hii inatuachia uwezo gani siku rafiki atakapobadilika?

Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa kutoka California Aprili 2023, ilisanifiwa na wahandisi wa Kenya, ikaendelezwa na kujaribiwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria. Mimi naiona kuwa utegemezi unaofaa: roketi inaweza kukodiwa kwingine, ila ujuzi wa kusanifu umerudi na wahandisi hao nyumbani. Tatizo ni kesho yao. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliahidi asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti kila mwaka, na ahadi hiyo haijatimizwa. Wahandisi hao wakikosa setilaiti nyingine ya kutengeneza, wataajiriwa nje au watahamia kazi nyingine, na kwenye mkataba utakaofuata, uwe wa Beijing au wa Washington, watakaokaa mezani kwa niaba yetu watakuwa wanasheria peke yao.