Ubishani wa Imani Hauhitaji Jukwaa

Katika miaka ya 1980 na 1990, viwanja vya miji mingi ya Tanzania vilijaa watu waliofuata mihadhara ya kidini. Mhadhiri wa Kiislamu alifungua Biblia, mhubiri wa Kikristo akafungua Kurani, kila mmoja akisaka ndani ya kitabu cha mwenzake hoja ya kummaliza nayo. Vipaza sauti vilipeleka maneno hadi mtaa wa pili, na umati ulishangilia kila mstari uliomkwamisha mpinzani. Februari 1998, eneo la Mwembechai jijini Dar es Salaam, mvutano uliohusu mihadhara hiyo uliishia kwa makabiliano kati ya polisi na waumini, na watu wakapoteza maisha. Fundisho ambalo wengi walilichukua ni kwamba mtu asizungumze mambo ya imani na mwenye imani nyingine. Naona fundisho hilo lilikosewa. Wale wahadhiri hawakuwa wakizungumza wao kwa wao. Walikuwa wakizungumza na umati, na mwenzao alikuwa kisingizio tu.

Watazamaji hubadilisha kila kitu. Mbele yao, kusema “hapo umenipata” ni kushindwa, na “hilo sijalifikiria” ni aibu kwa wote waliokuja kukushangilia. Mtu hulazimika kutetea hata asichokiamini sana, ilimradi asionekane ameyumba. Waondoe watazamaji, waache wawili wakae barazani na kahawa yao, na maneno yale yale yatapata bei nyingine: anayekubali kwamba mwenzake ana hoja hapotezi kitu. Tena sauti yenyewe hufanya kazi. Mwaka 2017 watafiti Juliana Schroeder, Michael Kardas na Nicholas Epley walionyesha kwamba mtu anayesikia kwa sauti maelezo ya asiyekubaliana naye humwona kuwa binadamu mwenye akili na hisia zaidi kuliko anayesoma maelezo hayo kwenye maandishi. Kusita, kupumua na kutafuta neno humwambia msikilizaji kwamba aliye mbele yake anafikiri.

Kuna watakaouliza kama mazungumzo ya namna hiyo yalishawahi kumbadilisha yeyote. Mwaka 2016 David Broockman na Joshua Kalla walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio lililofanyika Miami, Marekani. Watu 56 waligonga milango ya wapigakura na kuzungumza nao kwa dakika kama 10 juu ya watu waliobadili jinsia, suala linalowagawa Wamarekani. Chuki ilipungua, na badiliko hilo lilikuwa bado lipo miezi mitatu baadaye. Mwaka 2020 wawili hao walitoa matokeo mengine, safari hii kuhusu wahamiaji. Pale wagonga milango walipotoa hoja peke yake, hakuna kilichobadilika. Pale waliposikiliza bila kuhukumu na kubadilishana na mwenyeji visa vya maisha, misimamo ilisogea. Ilisogea kidogo, lakini ilisogea.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wapenda amani: kwetu ukimya ndio uliotuweka pamoja. Tunaalikana Idi na Krismasi, tunazikana, tunaoana, na imani ya mtu haiguswi. Ni kweli, na hiyo ni akiba kubwa. Ila ukimya una mwisho wake. Kwa miaka mingi ilikuwa mazoea kwamba mnyama wa kuliwa na watu wote achinjwe na Mwislamu. Aliyekerwa alinung’unika kwa wenzake wa kanisani, na aliyeona ni lazima alieleza sababu zake kwa wenzake wa msikitini. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa kuchinja uligeuka vurugu na mchungaji mmoja akauawa. Suala lililohitaji majirani waelezane mapema lilifika hadharani likiwa limekwisha kuwa uhasama.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, kila imani inastahili heshima? Kuna imani iliyowaua watu wenye ualbino, na nyingine iliyowaua vikongwe wa Usukumani kwa tuhuma za uchawi. Jibu langu ni kwamba heshima ni ya mtu, si ya kila anachokiamini. Tendo la kuua ni la polisi na mahakama, na halisubiri mazungumzo. Wala aliyeumizwa hadaiwi kukaa na aliyemuumiza ili amfundishe utu. Kazi hiyo ni ya sisi wengine, tulio karibu na mwenye imani hiyo na tusio hatarini. Sheria inaweza kumfunga muuaji, lakini haiwezi kumshawishi jirani yake anayeamini kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri. Huyo atabadilishwa na mtu anayemwamini, wakiwa wawili.

Basi mtafute mmoja unayemheshimu na usiyekubaliana naye. Msiitane mbele ya watu, na simu isirekodi. Muulize alifikaje kwenye msimamo wake kabla ya kumwambia alipokosea, nawe umweleze njia yako. Akikukwamisha, kiri. Mkiagana kila mmoja na imani yake, hakuna aliyeshindwa: kila mmoja atakuwa anajua anachokipinga, na hilo wale wahadhiri wa viwanjani hawakuwahi kulipata.