Ngoma Hii Yachezwa kwa Ajili ya Nani?



Mavuno yakiisha, ngoma husikika Usukumani kote, na wengine huuliza: je, Mkristo acheze? Tutazame kwanza kazi ya kila ngoma. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Huwatia wakulima nguvu ya kulima pamoja. Bununguli ilikuwa ya wawindaji wa nungunungu, Bugoyangi ya wacheza nyoka. Bagika na Bagalu hushindana kuvuta watazamaji, na hapo ndipo wengine hukimbilia dawa ili wenzao washindwe.

Katika Biblia, Miriamu alicheza kwa shukrani (Kut. 15:20), Daudi mbele ya Sanduku (2 Sam. 6:14). Lakini watu walicheza pia mbele ya ndama (Kut. 32:19), na binti wa Herodia alicheza, Yohana akakatwa kichwa (Mt. 14:6-10). Miguu ni ile ile. Moyo ndio mbalimbali.

Basi tusitupe ngoma, tutupe hirizi. Kijana akishinda, amshukuru Mungu. Akishindwa, ampe mwenzake mkono. Na mvua zikirudi, bugobogobo itupeleke kwanza shambani kwa mjane. Amina.